Kikaragosi Hazikwi kwa Kwikwi

Mhakiki mmoja anadai "Maandamano ya Mazishi ya Kikaragosi" ya Charles Gounod yapigwe polepole, kwa huzuni, kwa kuwa yako katika D maina. Ati maina ni msiba! Basi kila wimbo wa maina uwekewe turubai na majamvi? Gounod mwenyewe aliandika Allegretto, mwendo mchangamfu kiasi, kwa mapigo ya sita kwa nane. Hebu abebe jeneza kwa mapigo hayo tuone kama halitamdondoka. Na katikati je? Muziki unahamia D meja: waombolezaji wamechepuka kupata kinywaji! Hapo mhakiki kapita kimya. Alfred Hitchcock aliuchukua muziki huu kwa kipindi chake cha televisheni mwaka 1955; mzaha aliusikia. Wapigaji, fuateni nota, si machozi ya mhakiki.