Sponji Si Chujio, na Bakteria Wake Si Uchafu

Wengi tunamfahamu sponji akiwa ameshakufa. Tunamwona dukani au bafuni, mkavu na mwepesi, mwenye vitundu kila upande. Tunachokishika ni kiunzi tu: nyama yote imeshaozeshwa, ikakamuliwa na kuoshwa. Labda ndiyo maana rai iliyoenea kumhusu ni ile inayokifaa kiunzi: kwamba sponji ni mfano wa kifumbu cha kukamulia tui, maji yakipita machicha yakabaki. Mtu akiambiwa kwamba ndani ya sponji hai wamo bakteria kwa mabilioni, hukata shauri upesi kwamba hao ndio machicha yenyewe, taka za bahari zilizonaswa njiani. Nimeisikia rai hii hata kwa watu waliosoma biolojia. Naipinga kwa sababu mbili: ushahidi wa nusu karne unaikanusha, na kuishikilia kunatugharimu.

Tuitendee haki kwanza, kwani haikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1820 Robert Grant, akiwa Edinburgh, alimtazama sponji hai kwa hadubini akaona maji yakitoka kwa nguvu kwenye matundu makubwa ya mwili wake. Leo tunajua kwamba maji hayo huvutwa ndani kupitia vitundu vidogo kwa msukumo wa seli zenye vijeledi, na kwamba kilo moja ya sponji inaweza kupitisha maelfu ya lita kwa siku. Tunajua pia kwamba bakteria wa majini ni sehemu kubwa ya chakula chake, na baadhi ya spishi hunasa zaidi ya asilimia 90 ya wale wanaopita. Kwa hiyo anayesema kwamba sponji huchuja bakteria anasema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba bakteria wote waliomo mwilini ni wale aliowachuja.

Jean Vacelet wa Marseille, Ufaransa, na Clive Wilkinson, aliyefanya kazi kwenye Great Barrier Reef ya Australia, ni miongoni mwa waliotangulia katika miaka ya 1970 kuonesha, kwa hadubini ya elektroni, jambo ambalo chujio haliwezi kulieleza. Bakteria hawakuwa wamerundikana kwenye vyumba vya kuchujia. Walikuwa ndani zaidi, kwenye nyama laini iliyo kati ya ngozi ya nje na mifereji ya maji, wakiwa wazima, wengine wakigawanyika. Katika baadhi ya spishi walijaza karibu asilimia 40 ya ujazo wa mwili. Gramu moja ya sponji wa aina hiyo inaweza kubeba hadi bakteria bilioni 10, ilhali mililita moja ya maji ya bahari huwa na kama milioni moja. Kama hawa wote wangekuwa chakula kilichokwama, mnyama huyu angekuwa amevimbiwa tangu kuzaliwa kwake.

Lakini idadi peke yake haitoshi kuthibitisha ukaaji. Huenda mtu akauliza: kiumbe anayekula bakteria atawezaje kuishi na bakteria? Swali hilo lilijibiwa kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1984 na Wilkinson, Vacelet na Robert Garrone. Waliwatia bakteria alama ya mnururisho, kisha wakawalisha sponji: wengine wakiwa bakteria wa kawaida wa majini, wengine wakiwa wametolewa kwenye miili ya sponji. Wale wa majini walimeng'enywa. Wale wa sponji walipita salama wakatolewa nje. Sponji, mnyama asiye na ubongo, neva wala tumbo, anabagua nani ni chakula na nani ni mwenzake.

Namna anavyobagua imeanza kueleweka. Bakteria wengi wanaoishi na sponji wana jeni za protini ambazo hazipatikani kwa wingi kama huo kwa bakteria wanaoelea majini. Mwaka 2014 watafiti huko Sydney walichukua jeni kadhaa za aina hiyo na kuzipandikiza kwa bakteria wa maabara, kisha wakawapa amiba wawale. Amiba waliwameza, lakini hawakuwameng'enya kama kawaida: bakteria walirundikana ndani yao wakiwa wazima. Uchafu ulionaswa hauna haja ya ufundi kama huo. Ni mkaaji wa kudumu tu anayehitaji njia ya kujitambulisha kwa mwenye nyumba.

Kisha kuna swali la ni bakteria gani hasa. Chujio likitoa picha ya kitu, ni picha ya kile kilichopita ndani yake. Sponji wawili wa spishi tofauti waliojishikiza kwenye jiwe moja, wakivuta maji yale yale, wangepaswa kuwa na bakteria wale wale. Sivyo ilivyo. Mradi mkubwa wa kimataifa uliochapisha matokeo yake mwaka 2016 ulichunguza spishi 81 za sponji kutoka bahari mbalimbali, ikiwemo Bahari ya Hindi, ukakuta vijiumbe wa zaidi ya faila 40, yaani makundi makuu ya uainishaji. Kila spishi ya sponji ilikuwa na jamii yake, na jamii hizo zilitofautiana wazi na ile ya maji yaliyozizunguka. Kundi mojawapo, lililopewa jina la Poribakteria mwaka 2004, hupatikana kwa wingi ndani ya sponji lakini katika maji ya bahari huonekana kwa nadra sana. Chujio haliwezi kukusanya kwa wingi kitu ambacho karibu hakimo katika maji.

Wakaaji hawa wana kazi. Sponji, kama wanyama wengi wa majini, hutoa amonia kama taka. Ndani ya mwili wake wamo vijiumbe wanaoigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea kwa mimea ya bahari. Katika sponji wa maji baridi ya Norway aitwaye Geodia barretti, wapo pia wanaoifikisha naitrojeni hiyo hadi kuwa gesi, wakifanya kazi katika sehemu za mwili zisizo na oksijeni. Mwaka 2015 ilibainika kwamba katika sponji watatu wa miamba ya Florida, kati ya asilimia 25 na 40 ya fosforasi yote mwilini ilikuwa katika chembechembe za akiba zinazoundwa na bakteria. Katika maji ya matumbawe, ambamo fosforasi ni haba mno, hiyo ni hazina ya mwamba mzima.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Theonella swinhoei, anayeishi kuanzia Bahari ya Shamu hadi Japani. Wanakemia walimpenda kwa miaka mingi kwa sababu ya wingi wa sumu zake zinazoua seli za saratani maabara. Sifa zote alipewa mnyama. Mwaka 1996 Carole Bewley na wenzake walitenganisha seli za sponji huyu kutoka Palau, wakakuta kwamba kemikali mbili mashuhuri zilikuwa ndani ya seli za bakteria, kila moja kwa bakteria wa aina yake, na si katika seli za mnyama. Mwaka 2014 kundi la watafiti la Jörn Piel lilisoma vinasaba vya bakteria mmoja mrefu kama uzi, Entotheonella, kutoka kwa Theonella wa manjano wa Japani. Karibu kemikali zote za dawa zilizojulikana kutoka kwa sponji huyo, za jamii mbili kubwa, ziligunduliwa kuwa kazi ya bakteria huyo mmoja. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi wa Theonella wa Bahari ya Shamu ulionesha kwamba Entotheonella pia huikusanya aseniki na bariamu na kuzifunga kwenye vifuko ndani ya seli yake. Yule tuliyemwita uchafu ndiye mtengeneza silaha, na huyo huyo ndiye mhifadhi wa sumu.

Yapo ya kujibu upande wa pili, nami sitayakwepa. Si kila sponji ana umati huu. Spishi nyingi zina bakteria wachache, takriban sawa na maji yanayozizunguka, nazo zinaishi na kustawi. Si kila kemikali ni ya bakteria: mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba sponji wenyewe wana jeni za kutengenezea terpeni, kundi muhimu la kemikali zao. Wala si kila mkaaji hurithiwa. Bakteria wamekutwa katika mayai na mabuu ya spishi kadhaa, lakini uchunguzi wa mwaka 2019 uliowalinganisha wazazi na watoto ulikuta kwamba urithi huo ni dhaifu na haufuati utaratibu mmoja. Hoja hizi zinatuzuia kumfanya sponji kuwa gunia tupu la bakteria. Lakini hakuna hata moja inayoirudisha rai ya chujio. Zinasema tu kwamba ushirika huu una sura nyingi, na kwamba mnyama naye ana sehemu yake.

Sasa, kwa nini jambo hili litushughulishe? Kwanza, kwa sababu ya dawa. Anayeamini kwamba hazina yote imo katika nyama ya sponji ataitafuta nyama kwa tani. Huko New Zealand tani nzima ya sponji wa jenasi Lissodendoryx ilivunwa, ikatoa takriban miligramu 300 tu za halikondrini B, kemikali iliyokuja kuwa msingi wa eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Dawa yenyewe hutengenezwa kiwandani, si kwa kuvuna bahari. Tukitambua kwamba kemikali nyingi za namna hii zina asili katika jeni za bakteria, kipande kidogo cha sponji kinatosha kuanzia kazi, na mwamba unabaki salama.

Pili, kwa sababu ya joto. Sponji wa Australia aitwaye Rhopaloeides odorabile aliwekwa katika maji ya nyuzi 31 kwa majaribio, na jamii yake ya bakteria haikutikisika. Katika nyuzi 33 jamii hiyo ilisambaratika na mwili wa mnyama ukaanza kuoza, yote ndani ya siku chache. Tishio hili la joto si geni kwa pwani yetu. Jambiani, Zanzibar, wako wanawake wanaopanda sponji kwenye kamba baharini na kuwauza, wengine baada ya kilimo cha mwani kuwavunja moyo maji yalipozidi kuwa ya moto. Afya ya mazao yao haiwezi kupimwa kwa kutazama umbo na rangi tu. Wataalamu wanaowashauri wana wajibu wa kuchunguza pia bakteria waliomo, kabla ya joto kupanda na si baada ya sponji kuoza.

Tatu, kwa sababu ya haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inazipa nchi nguvu ya kudai mgawo wa faida itokanayo na rasilimali za kijeni za viumbe wake, wakiwemo vijiumbe. Kibali kinachotaja jina la sponji peke yake kinataja nusu ya kinachosafirishwa, na pengine ile nusu yenye thamani ndogo. Mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti katika pwani ya Afrika Mashariki zidai kwamba vijiumbe waliomo waandikwe, vinasaba vyao visajiliwe, na chuo au maabara ya nyumbani ihusike tangu sampuli inapokatwa. Tukiendelea kuwaita uchafu, hatutakuwa na la kudai siku wengine watakapowaita mali.