Wasifu wa Marehemu na Mama wa Dagaa

Wiki hii roho inanisuta. Tulia nikupe kisa.

Jumamosi tulimzika baba yake mshikaji wangu mmoja, Nyakato. Msiba wa nguvu! Maturubai, tisheti zenye picha ya marehemu, na mtu wa video akikatiza katikati ya waombolezaji utadhani yuko harusini. Kwa kuwa pale wote wananijua kama "mtu wa magazeti", nikakabidhiwa kalamu: andika wasifu. Nikaandika. Kazaliwa wapi, kasoma wapi, nyumba mbili, mitumbwi minne yenye mashine, gari, na ile safari yake ya Dubai. Nikausoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watu wakatikisa vichwa: kweli mzee alikuwa nazo!

Wakati wa chakula akanifuata mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesoma vizuri, lakini huyo uliyemsoma mimi simjui."

Ebo! Nikadhani kakosea msiba. Kumbe mwaka fulani mvua ilimnyeshea dagaa wake wote juani, wakaoza, mtaji ukakatika. Marehemu akampa pesa ya kuanza upya. Hakuandika popote, hakumdai hadi anakufa. Watoto watatu wamesoma kwa dagaa wale. "Hilo halimo kwenye karatasi yako," akasema, akaenda zake kuosha masufuria.

Nilirudi nyumbani mdogo kama pilipili. Ndipo nikaikumbuka picha moja ya Mwingereza George Frederic Watts, aliyezaliwa 1817 na kufa 1904. Huyo ni mtu wa enzi za Malkia Victoria, yule yule ambaye jina lake Speke alilibandika kwenye ziwa letu mwaka 1858. Wachoraji wa enzi hizo walipenda mafumbo: unaona kitu kimoja, unaambiwa kingine. Picha hii Watts aliichora kati ya 1891 na 1892, akaipa jina la Kilatini, Sic Transit. Yaani, fahari ya dunia ndivyo inavyopita.

Imelala maiti, imefunikwa sanda gubigubi. Huoni hata pua ukajua ni nani. Kando yake vimewekwa vitu: nguo za chuma za vitani, joho la wakubwa, gitaa la kizamani, kitabu, kikombe, manyoya ya tausi, maua ya waridi. Hizo ndizo nyumba mbili na mitumbwi minne ya mzungu! Na vimechorwa vikapendeza, maana Watts hakusema ni vibaya. Kusoma, kupiga muziki, kula raha, yote ni maisha. Tatizo ni kwamba mkono wa kuvishika umeshapoa. Juu yake kuna maneno ya zamani, na mkato wake ni huu: mali inayobaki ya marehemu ni ile aliyoigawa.

Usidhani jamaa alikuwa na wivu wa kimaskini. Alichora sura za wakubwa kibao wa nchi yake, na cheo cha heshima alipopewa alikikataa mara mbili. Mwaka 1900, pale London, ukafunguliwa ukuta aliouhangaikia yeye, kwenye bustani ya Postman's Park. Una vigae vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Yumo Alice Ayres, binti mfanyakazi aliyekufa mwaka 1885 baada ya kuwatoa watoto wa dada yake kwenye nyumba inayowaka. Joho hakuacha.

Sisi wa Mwanza hatuna haja ya nauli ya London. Panda daladala nenda Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa na bandari yetu. Walikufa mamia, na wapo waliozikwa bila kutambuliwa. Ile ni sanda ya Watts yenyewe. Simama pale uniambie nani alikuwa bosi na nani mchuuzi. Masanduku yao yalibaki ziwani. Anayejua walikuwa watu gani ni yule waliyemfaa, basi.

Sasa sikia. Jumatatu nikamfuata mshikaji, nikampa habari za yule mama. Swali lake la kwanza? "Kwa hiyo tunamdai?" Nikamwambia hapana, alipewa. Akauliza ni mwaka gani. Nikamtajia. Akanyamaza muda mrefu.

"Mwaka huo niliomba pikipiki. Mzee akaniambia hana hela."

Sikuwa na la kumjibu. Nilijua nimemtonesha kidonda. Baba kumnyima mwana akampa jirani si jambo la kumeza hivi hivi, hata kama marehemu anapendeza kwenye karatasi. Tukakaa. Chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Liandike hilo. Kwenye arobaini nitasoma mwenyewe, na yule mama akae mbele."

Nimeshaandika. Nyumba na mitumbwi nimeviacha, ni jasho lake. Ila vimebanana kwenye mstari mmoja.

Na wewe unayetanua mjini, siku yako ikifika, muuza dagaa gani ataisimamisha karatasi yako? Tukutane wiki ijayo, Mungu akitupa uzima.