Kona ya Mwalimu: Wanaogombana bila kuonana



Watoto wetu wa sekondari, mwalimu akiwapa kazi ya nyumbani, wengi hawatafuti tena kitabu. Wanaomba telefone ya baba, wanafungua Wikipedia na kunakili. Juma hili mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ni nani anaandikaka mule ndani?" Swali hilo ni zuri kuliko anavyofikiri, na ndilo nataka tuzungumzie leo.

Wanaoandika ni watu wa kawaida, na hawalipwi hata franka moja. Ensaiklopedia hiyo ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwa Kiingereza, na leo iko katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na Lingala nayo ina yake. Mwenye telefone na megabaiti chache anaweza kufungua ukurasa, kuongeza neno au kufuta neno la mwenzake. Maneno yanaanzia hapo. Nyinyi mnajua sufuria moja ikikorogwa na miiko kumi inakuwaje.

Mfano wa kuchekesha ni wa yaurti, yale maziwa ya mgando ya dukani. Kwa Kiingereza wengine wanaliandika jina lake na herufi h katikati, wengine bila h. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligombania ile h miaka kama minane, mpaka 2011 walipokubaliana kuiacha. Miaka minane! Mtoto anaingia shule ya msingi, anaimaliza na anaanza sekondari, wakubwa wangali wanabishana juu ya herufi moja.

Kwa sababu ya ugomvi wa namna hii walijiwekea desturi, na kama mwalimu naziona desturi zenyewe kuwa na akili. Kila ukurasa una ukurasa wa pili nyuma yake, wa mazungumzo. Ukikosana na mtu, unaenda kule, unaeleza sababu na unatia sahihi. Unasema juu ya maandishi, husemi juu ya mwandishi. "Sentensi hii haina ushahidi" inakubaliwa, "wewe ni mjinga" inakatazwa. Desturi nyingine inasema umdhanie mwenzako mema kwanza: kama amefuta neno lako, fikiri kwamba alitaka kusaidia, mpaka matendo yake yaonyeshe kingine. Nyingine inasema mgeni asing'atwe. Na katika ile ya Kiingereza, anayerudisha maneno yake zaidi ya mara tatu katika ukurasa uleule ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa mlango, hata kama neno lake ndilo la kweli. Hiyo ya mwisho naipenda sana. Mtu mwenye haki naye anaweza kuvuruga nyumba.

Tuseme mama wa Uvira anaandika kwa Kiswahili juu ya sombe. Kesho yake mtu wa Dar es Salaam anapita, anafuta "sombe", anaweka "kisamvu". Mama atakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu amepika sombe tangu utoto wake. Lakini yule wa Dar es Salaam hakumtukana. Kwao majani ya muhogo yaliyotwangwa ni kisamvu, na labda hajasikia jina lingine maisha yake yote. Mama akirudisha neno lake, yule naye akalitoa tena, mpaka jioni ukurasa umeharibika na wote wawili wamechoka. Akienda kwenye mazungumzo na kuandika mistari miwili, "Ndugu, huku Kongo tunasema sombe, tazama kitabu hiki", majina yote mawili yanaweza kukaa katika sentensi ya kwanza. Msomaji wa Mombasa na wa Bukavu wote wanafaidika.

Lakini kuna upande mwingine ambao hauchekeshi. Mwaka 2018, mtu mmoja aliandaa ukurasa kwa Kiingereza juu ya Donna Strickland, mwanamke wa Kanada, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Waterloo. Muhariri aliyeupitia aliukataa: ushahidi uliotolewa hautoshi kuonyesha kwamba mama huyu anastahili ukurasa. Tarehe 2 Oktoba mwaka uleule ikatangazwa kwamba Strickland amepata zawadi ya Nobel ya fizikia, kwa kazi juu ya mwanga wa leza aliyoitangaza na mwalimu wake, Gérard Mourou, mwaka 1985. Kazi hiyo leo inasaidia hata katika upasuaji wa macho. Kabla yake walikuwa wanawake wawili tu walioipata zawadi hiyo ya fizikia: Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Mourou, aliyegawana naye zawadi, alikuwa na ukurasa wake tangu zamani. Strickland aliupata siku ileile ya tangazo, watu wakikimbilia kuuandika.

Mimi simwiti yule muhariri mtu mbaya. Alifuata kanuni: kila jambo lazima liwe na ushahidi kutoka vitabu au magazeti ambayo mhusika mwenyewe hakuyaandika. Bila kanuni hiyo kila mwanasiasa angejisifu mule mpaka asubuhi. Wakubwa wa Wikipedia nao walijibu kwamba magazeti hayakuwa yameandika mengi juu ya mama huyu, na ensaiklopedia inafuata yale ambayo dunia imekwisha andika. Jibu hilo ni kweli, lakini halinitoshi. Unaweza kukataa kazi ya mtu na bado ukamwambia: tafuta hapa, ongeza hiki, urudi. Mwanafunzi anayepewa sifuri bila neno pembeni harudishi daftari mara ya pili.

Na wanawake wengi hawarudi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya wahariri 100, wanawake hawafiki 15. Sue Gardner, aliyeongoza shirika la Wikipedia wakati huo, alikusanya sababu zilizotolewa na wanawake wenyewe: hawana nafasi, hawajiamini, hawapendi ugomvi, wanachoka kuona maandishi yao yanafutwa. Nikisoma orodha hiyo nasikia kama mikutano yetu ya shirika, pale mwenye sauti kubwa anaposema mara tano na mwenye habari kamili anakunja kitenge chake na kunyamaza.

Kwetu sisi kanuni ya ushahidi inauma zaidi. Mama anajua dawa za majani, anajua soko lilianzaje na nani alifungua shule ya kwanza ya kijiji, lakini hakuna kitabu kinachosema hivyo. "Bibi yangu aliniambia" haikubaliwi mule. Kwa hiyo binti zetu walioko chuoni, wakiandika kazi zao za mwisho wa masomo, waende kuwauliza wabibi na waandike majina, tarehe na mahali. Wasiache kazi hiyo ioze katika sanduku la nyumbani.

Mwenye kutaka kujaribu, au mwenye kijana anayetaka, aanze kidogo. Arekebishe kosa la herufi kwanza, au tarehe, akiwa na kitabu mkononi. Kabla ya kuhifadhi kuna nafasi ndogo ya kueleza amebadilisha nini, aijaze, hata kwa maneno matatu. Asiandike juu yake mwenyewe, wala juu ya shirika letu, kwa sababu atafutwa na watakuwa na haki. Akifutwa, asirudishe siku hiyohiyo: afungue mazungumzo, asalimie na aulize. Kuna alama ya wimbi dogo kwenye telefone, ukiipiga mara nne, jina lako na saa vinajiandika vyenyewe mwisho wa ujumbe wako.

Juma lijalo nitajibu barua ya mama anayeuliza kama mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto alazimishwe kubadilisha.