Gari linapomisi, sikilizaneni kabla ya kufungua pampu

Mlima Kitonga hauna huruma na gari bovu. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, familia moja ya Morogoro ilikuwa inaupanda kwenda Iringa kumjulia hali bibi. Ndani ya Hiace yao ya dizeli walikuwamo baba, mama, watoto watatu na gunia la mchele. Katikati ya kona injini ikaanza kumisi. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, nguvu zikaisha. Nyuma yao lori lilikuwa linapiga honi.

Baba akalisogeza gari pembeni. Mtoto mkubwa akaruka na kuweka jiwe nyuma ya tairi, mama akakata matawi na kuyapanga barabarani. Baba akafungua injini, akaipampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya filta, gari likawaka na kujikongoja mpaka juu. Walipofika Ilula wakajaza mafuta. Kutoka hapo hadi Iringa mjini likaenda kama jipya.

Hilo ndilo lililokuwa limewachosha. Gari liliugua na kupona lenyewe, na tatizo lilikuwa la zaidi ya miezi miwili. Siku za kazi Hiace hiyo hubeba wanafunzi, ndiyo inayoleta ugali nyumbani. Wazazi walikuwa wameanza kupiga simu kulalamika kwamba watoto wanachelewa, na wawili walishawahamishia watoto wao kwenye gari jingine.

Si kwamba baba alikaa tu. Fundi wa kwanza alisema mafuta yamechakachuliwa. Akabadilisha filta na kumwaga maji yaliyotuama chini yake. Gari likakaa sawa siku tatu. Fundi wa pili alifungua nozeli zote nne, akazipima na kubadilisha mbili. Likakaa sawa siku nne. Wa tatu akasema pampu imechoka, ifunguliwe, na akataja laki sita na nusu.

Fedha hiyo haikuwepo, isipokuwa mgao wa kikoba cha mama, nao ulikuwa na kazi yake. Mtoto mkubwa alikuwa anakwenda kidato cha tano mwezi wa saba.

"Mama watoto, tuchukue ya kikoba, pampu ifunguliwe yaishe," baba alisema usiku waliporudi kutoka Iringa.

"Baba watoto, filta tuliambiwa yataisha. Nozeli tuliambiwa yataisha. Pampu nayo isipokuwa yenyewe, mtoto ataendaje shule?"

"Kwani wewe unajua nini kuhusu injini?"

Neno lile lilimuuma. Mama hakujibu. Aliinuka akaleta daftari ambalo huandika fedha ya mafuta ya kila wiki, nauli za wanafunzi, na siku ambazo mzazi amepiga simu kulalamika. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia kila siku yenye malalamiko.

Hakukuwa na Jumatatu hata moja. Hakukuwa na Jumanne. Zilikuwa Alhamisi na Ijumaa tupu.

"Jumatatu asubuhi unajaza tangi," mama alisema. "Jumatano jioni mshale uko nusu. Mimi injini siijui, lakini hili gari linamisi likiwa na mafuta kidogo. Hata Kitonga, ulipojaza Ilula lilipona."

"Mbona kwa mafundi halikuwahi kumisi?"

"Kwani ukienda gereji huwa hupitii sheli kwanza?"

Baba akakaa kimya. Ni kweli, kila mara alijaza mafuta ili fundi apate ya kulijaribia gari. Alikuwa anauficha ugonjwa kabla ya kufika kwa daktari.

Kesho yake alikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa pampu za dizeli, safari hii bila kupita sheli, daftari likiwa kwapani. Mzee alilisoma kabla hajashika spana. Kisha akaeleza jambo ambalo kila mwenye gari la dizeli anafaa kulijua.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa mpaka inapata moto mkali, dizeli ikipulizwa ndani inawaka yenyewe. Hewa ikichanganyika na dizeli njiani, presha haifikii kiwango, nozeli haipulizi ipasavyo, na injini inamisi. Moshi mweupe injini ikiwa ya moto mara nyingi ni dizeli iliyopita bila kuungua. Na katika magari mengi ya zamani, pampu ndiyo inayonyonya mafuta kutoka kwenye tangi. Kwa hiyo tundu kwenye njia hiyo huweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone moja chini.

Mzee akafunga mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akaliegesha gari likiwa limeelekea juu. Mapovu yakaonekana yakipita, injini ikaanza kukohoa. Hakukimbilia pampu. Aliutoa mpira unaotoka kwenye tangi, akauweka mwingine na kuutumbukiza kwenye dumu lenye dizeli safi. Injini ikatulia na kunguruma vizuri nusu saa nzima. Pampu, nozeli na filta vikawa vimetoka kwenye lawama. Ubaya ulikuwa nyuma, kwenye tangi.

Tangi likashushwa. Bomba la kunyonyea mafuta lililo ndani yake lilikuwa limeliwa na kutu, na katikati lilikuwa na tundu la ukubwa wa sindano. Tangi likiwa limejaa, tundu lilifunikwa na dizeli. Mafuta yakishuka chini ya nusu, au yakikimbilia upande mmoja mlimani, tundu lilibaki wazi na bomba likanyonya hewa. Bomba jingine, mipira mipya, klipu na ufundi, jumla elfu tisini.

Kwa familia yenye gari linalomisi na kuacha, kisa hiki kina mafunzo kadhaa. Andikeni kila linapotokea: mafuta yalikuwa kiasi gani, injini ilikuwa ya baridi au ya moto, mlima au tambarare, moshi wa rangi gani. Mpelekeeni fundi gari likiwa katika hali ile ile inayolifanya limisi. Anzeni na vya bei ndogo: maji kwenye filta, filta yenyewe, mipira na klipu, tundu la kupumulia la mfuniko wa tangi lililoziba. Nozeli na pampu zije baadaye. Injini ikimisi kwenye silinda moja ile ile muda wote, hapo nozeli au mbano wa silinda ndivyo vya kushukiwa mapema. Injini nzima ikikosa nguvu kisha ikarudi, tazameni kwanza njia ya mafuta.

Tahadhari nayo ni muhimu. Mtu asilegeze wala kugusa bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, kwa sababu dizeli yenye presha hupenya ngozi. Ikitokea, ni hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Na mtu asisogeze moto wa kuchomelea karibu na tangi la mafuta, hata likionekana tupu.

Jioni ile baba alirudi nyumbani na risiti. Akamwambia mama mbele ya watoto, "Nilikujibu vibaya. Umetuokolea ada." Mama akapokea risiti, akasema tu kwamba chai iko tayari.

Mtoto mkubwa alikwenda shule mwezi wa saba na mahitaji yake yote. Mzazi mmoja kati ya wale wawili amemrudisha mtoto wake. Daftari siku hizi linakaa ndani ya Hiace, na anayeandika ni baba.