Futi Mbili za Ardhi na Haki ya Jirani

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Wiki hii twajibu barua ya mama mmoja wa Likoni, aliyefiwa na mumewe na kumaliza eda karibuni. Asema kwamba baina ya kiwanja chao na cha jirani palikuwa na ua wa makuti kwa miaka mingi. Jirani ameung'oa na kuanza kujenga ukuta wa matofali, na mama huyo ana yakini kwamba ukuta umeingia kwake kiasi cha futi mbili. Wanawe wawili wakubwa wataka kuubomoa usiku. Mkewe jirani, aliyekuwa akiingia na kutoka jikoni mwake kama dada, hamwamkii tena. Auliza: nidai haki yangu, ama ninyamaze kwa ajili ya ujirani?

Mama yetu, haki hudaiwa na ujirani huhifadhiwa. Yote mawili yawezekana, mradi mambo yaendeshwe kwa utaratibu wake.

Kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwa Said bin Zayd (R.A.), kwamba mwenye kuchukua ardhi kwa dhuluma, hata kadiri ya shubiri moja, atavikwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Sahaba huyu aliisimulia hadithi hiyo aliposhitakiwa mbele ya Marwan na mwanamke aitwaye Arwa, aliyedai kwamba Said amekula sehemu ya ardhi yake. Said alistaajabu: vipi angethubutu, naye ameyasikia maneno hayo kwa Mtume? Kisha akamwachia ardhi, na hukumu akamwachia Mola wake. Basi onyo hili laelekea pande zote mbili: yule asogezaye ukuta, na yule adaiye kisichokuwa chake.

Kwa hiyo hatua ya mwanzo ni kujua kabla ya kudai. Ua wa makuti hufanywa upya kila baada ya misimu michache, na kila nguzo inapochimbiwa upya yaweza kusogea kidogo, leo huku, kesho kule. Huenda jirani amekosea, na huenda ua wa zamani ndio uliokosea. Tafuteni hati ya ardhi na ramani yake, kisha muangalie kama bikoni za pembeni zingalipo. Mwiteni mpima ardhi mwenye leseni, na ikiwezekana mumwite pamoja na jirani na kugawana gharama, ili asije mmoja akasema kwamba mpimaji ni wa mwenzake.

Mjue pia kwamba ramani nyingi za usajili nchini mwetu huonyesha mipaka kwa makadirio. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yasema hivyo isipokuwa pale ambapo mpaka umethibitishwa rasmi katika daftari. Kifungu hicho hicho chaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa na Msajili wa Ardhi. Basi mlango wa kwanza wa serikali ni ofisi ya Msajili, ambaye huwaita wahusika wote na kuwasikiliza. Baada ya hapo, mwenye kutoridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama ya Kadhi haihukumu mipaka. Kazi yake kikatiba ni mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu.

Na wale wanaoishi katika nyumba bila ardhi, kama ilivyo desturi katika mitaa mingi ya Mombasa, wakumbuke kwamba wao humiliki kuta na mapaa, na ardhi ni ya mtu mwingine. Majirani wawili wa namna hiyo hawawezi kugawana futi mbili zisizo zao bila ya kumshirikisha mwenye ardhi.

Hapa pana jambo ambalo mama yetu hakuliuliza, nalo ni kubwa. Ikiwa hati ingali kwa jina la marehemu, ardhi hiyo sasa ni ya warithi wote. Mjane palipo na watoto fungu lake ni thumuni. Kwa hivyo hana uwezo wa kusema peke yake, "Nimesamehe, chukua." Kila mrithi aliyebaleghe na mwenye akili timamu atasamehe lililo lake kwa ridhaa yake, wakiwamo mabinti walioolewa mbali. Ama fungu la watoto wadogo, hilo ni mali ya mayatima, wala hakuna mwenye ruhusa ya kulitoa sadaka kwa ajili ya kuona haya mbele ya jirani. Heri familia ianze kwa kukamilisha mirathi kwa Kadhi, ili ijulikane ni nani mwenye kauli.

Vijana nao wasibomoe kitu. Kubomoa usiku humgeuza mdai kuwa mshitakiwa, na sheria hiyo ya mwaka 2012 yahesabu kuharibu ama kuondoa alama za mpaka kuwa ni kosa la jinai. Wamwandikie jirani barua ya heshima kumwomba asimamishe ujenzi mpaka ipimwe. Akikataa, walifikishe jambo kwa Msajili mara moja, kabla ukuta haujafika darini na gharama ya kuuondoa haijawa chanzo cha ugomvi mwingine.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walizijadili kuta za majirani kwa undani. Imam Nawawi katika Minhaj aliyaweka mas-ala ya ukuta unaozozaniwa ndani ya mlango wa sulhu. Asema kwamba ukuta uliounganishwa na jengo la mmoja, kwa namna ijulikanayo kuwa vilijengwa pamoja, mkono juu yake ni wa huyo. Usipokuwa hivyo, mkono ni wa wote wawili. Mwenye ushahidi hupewa, na wasipokuwa nao wote huapa, kisha ukuta huwa wa shirika. Yatosha kuwa funzo kwamba hukumu za kuta zimewekwa penye kupatanisha.

Na sulhu ina njia nyingi. Jirani aweza kuurudisha ukuta nyuma. Aweza kuzinunua futi zile kwa bei ya haki, warithi wakiridhia. Ama waujenge ukuta juu ya mstari wenyewe na kugawana matofali, saruji na ujira wa fundi. Imamu wa msikiti ama mzee wa mtaa na awe baina yao. Wakikubaliana, iandikwe, itiwe saini na mashahidi washuhudie. Na ikiwa kipande cha ardhi kimehama mkono, kipelekwe kusajiliwa. Wengi walipatana kwa mdomo wakiridhiana, kisha wajukuu wao wakapelekana mahakamani.

Limebaki la jikoni. Mtume (S.A.W.) alipokataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, hakuitoa kesi ya ardhi. Na aliwahutubia wanawake wa Kiislamu hasa, kwamba jirani asidharau kumtunza jirani mwenziwe japo kwa ukwato wa mbuzi. Mama yetu, shauri la mpaka liendelee ofisini, nawe mpelekee mwenzio bakuli la mchuzi ama sahani ya mahamri. Akiipokea, mlango umefunguka. Akiirudisha, wewe umekwisha kutimiza lililo juu yako, na haki ya watoto wako ingali palepale, haijapungua hata shubiri.

Mwenyezi Mungu atupe kutosheka na kilicho chetu, atuepushe na cha wenzetu, na atujaalie tuwe majirani ambao watu husalimika na shari yao. Amin.