Kona ya Mwalimu: Msifiche mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mwezi huu tumeacha kwanza habari ya mitihani, maana kuna jambo limetuchoma. Tulipopita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wa darasa la kwanza, katika nyumba tatu tulisikia mtoto nyuma ya pazia, na mzazi akatuambia, "Hapana mwalimu, hao ndio wote." Hatukulazimisha. Lakini baadaye majirani walitueleza: ni mtoto asiyekaa, asiyesema, shingo yake haishiki.

Sababu za kumficha ni mbili. Moja ni aibu. Ya pili ni yale maneno yanayozunguka kwenye foleni ya maji, ati familia yenye mtoto wa hivyo haipati safari ya kwenda kuishi nchi nyingine.

Tuanze na hiyo ya pili. Katika kuandikisha wakimbizi, UNHCR inaweka alama ya mahitaji maalum kwa mtu mwenye ulemavu ili aangaliwe zaidi, siyo ili atupwe. Hatuwadanganyi: kuandikwa hakuahidi safari, na mtu yeyote anayekuahidi safari ni mwongo. Ila mtoto asiyekuwa kwenye karatasi ya familia hahesabiwi kwenye chakula, na siku utakapotaka kumwongeza katikati ya mahojiano, utaulizwa alikuwa wapi miaka yote. Hapo ndipo faili inakwama. Kwa hiyo aliyezuia safari ni pazia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Wengi wanauita mtindio wa ubongo, wengine kupooza kwa ubongo. Daktari wa kwetu Congo aliyesoma Kifaransa huandika herufi IMC, na wa hapa Uganda huandika CP. Ni kitu kimoja. Ubongo wa mtoto uliumia au haukukua sawasawa ukiwa bado mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au miaka ya kwanza. Sehemu inayoongoza misuli ndiyo iliyoguswa. Ndiyo maana mmoja anakakamaa miguu ikipishana kama mkasi, mwingine ni mlegevu, mwingine mikono inacheza bila yeye kutaka. Hauambukizi. Jeraha lile la ubongo haliongezeki, lakini mwili ukiachwa umelala tu, viungo vinazidi kukaza.

Uchawi je? Laana ya ukoo? Mama alikanyaga kitu njiani? Mwaka 1861 daktari mmoja Mwingereza, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa mguu, aliwaeleza madaktari wenzake London kwamba watoto wengi wa namna hii walizaliwa kwa shida au kabla ya wakati. Ni zaidi ya miaka 160 sasa, na bado kuna mabibi wanafukuzwa na mashemeji juu ya "kuleta laana". Baba wa familia, tunakuomba usome tena hapo.

Sababu zinazojulikana ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati uchungu unachukua muda mrefu, homa ya manjano ya mtoto mchanga iliyozidi, uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Watafiti waliohesabu watoto mashariki mwa Uganda, na kutoa matokeo mwaka 2017, walikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000. Tena waliona kwamba sehemu ya walioumia baada ya mwezi wa kwanza wa maisha ni kubwa kuliko nchi za kitajiri, na malaria kali ni kati ya sababu. Hebu tupige hesabu ya mwalimu: mahali penye watoto 20,000, hao ni kama 60. Shuleni kwetu tunao wanne. Wengine wako wapi?

Basi mama mwenye mimba, kajifungulie kituoni. Mtoto akiwa na macho ya manjano siku ya kwanza, akikataa ziwa, akishikwa na degedege, usingoje asubuhi, mwamshe VHT wa kijiji chako. Na mtoto wa miezi 4 ambaye bado kichwa hakishiki, au wa miezi 9 hakai, mpeleke aangaliwe, hata kama nyanya yake anasema atachangamka tu.

Kuhusu dawa: ya kuondoa jeraha lenyewe hakuna. Anayekudai mbuzi ili amponye, mwache na njaa yake. Kusali ni vizuri, nasi tunasali, lakini kumfungisha mtoto siku tatu bila kula ni kumuua. Akiwa na kifafa na amepewa vidonge, visikatwe ghafla kwa sababu ameonekana mzima. Mazoezi ya kunyoosha viungo, uonyeshwe na mtu wa kituo, kisha ufanye nyumbani polepole bila kumvuta kwa nguvu.

Kitu kinachotutia hofu kuliko vyote ni kulisha. Tumeona watoto wanalishwa wamelala chali, uji unamiminwa, pua imebanwa. Chakula kinaingia njia ya hewa, mtoto anakohoa, kesho ana nimonia. Mkalishe wima, nyonga zimekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kisiangalie juu. Kaa mbele yake, macho kwa macho. Ugali laini uliopondwa na maharage bila maganda ni bora kuliko uji wa maji maji. Kijiko kidogo, ngoja ameze, halafu kingine. Itachukua nusu saa au zaidi, na mama peke yake atachoka. Kaka na dada wafundishwe.

Na akili? Asiyesema siyo kwamba hasikii. Christy Brown, aliyezaliwa Dublin mwaka 1932, mwili wote ulimkatalia isipokuwa mguu wa kushoto. Mama yake alimfundisha herufi sakafuni, akaandika vitabu na kuchora picha. Sio kila mtoto atakuwa mwandishi, kuna ambao akili nayo imeguswa. Lakini utajuaje kama hujawahi kumuuliza swali?

Jumatano saa nane mchana tunatengeneza viti vya pembe nyuma ya darasa la kwanza. Ni katoni zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa muhogo, zikikauka zinabeba mtoto. Unga unaohitajika ni kidogo, nasi tunajua mwezi ni mrefu, tutachanga. Leteni katoni, gazeti la zamani, kisu, na mtoto mwenyewe ili tumpime. Asiyeweza kumbeba amtume jirani atuambie, tutakuja na baiskeli.