Mbwa Asiyeshikika Hachanjiki



Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na bwana mifugo ametuambia tutegemee chanjo karibu na tarehe hiyo. Nataka tuzungumze mapema, kabla hatujafika uwanjani na kuanza kukimbizana na mbwa kama mwaka jana.

Mwaka jana mbwa walioletwa walikuwa wengi, lakini waliorudi nyumbani bila sindano nao si haba. Si kwamba dawa ilikwisha. Dawa ilibaki kwenye sanduku la barafu mpaka jioni. Walirudi kwa sababu mwenye mbwa hakuweza kumshika mbwa wake. Mmoja aliletwa amefungwa waya shingoni, akajivuta mpaka macho yakamtoka. Mwingine alikata kamba akapotelea mikoroshoni. Mtoto wa darasa la nne alitumwa na baba yake ashike jibwa linalomzidi uzito, na baba mwenyewe amekaa kwenye benchi anatazama! Na mbwa wa ghala letu la korosho, huyu ambaye watoto wamempa jina la Wetu, hata uwanjani hakufika, maana hakuna aliyethubutu kumtia mkono.

Maoni yangu nimeshayasema kikaoni, na sasa nayaandika hapa ukutani ili asiyehudhuria naye asome. Kazi ya chanjo haianzi siku ya sindano. Inaanzia uani kwako, kwa kichana, ndoo ya maji na kipande cha sabuni, wiki kwa wiki. Mbwa aliyezoea kuchanwa na kuoshwa na mwenyewe anakubali kushikwa. Mbwa anayeujua mkono wa mtu kwa fimbo tu, siku ukiuleta mkono huo karibu na shingo yake atakung'ata, na mimi sitamlaumu.

Najua wapo watakaocheka. "Katibu anataka tuwaogeshe mbwa kama wazungu." Haya, chekeni. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipohimizwa kuchimba vyoo. Waliocheka walikuwapo wakati ule pia. Leo nani anacheka choo? Mimi sisemi habari za manukato na riboni. Mbwa wetu ni mfanyakazi. Usiku anafukuza nguruwe pori kwenye mihogo, mchana anafukuza nyani na ngedere kwenye mahindi. Jembe ukitoka shamba unalifuta udongo, baiskeli unaitia mafuta, lakini mlinzi wa shamba lako unamwacha aliwe na kupe masikioni mpaka sikio linalala.

Na habari ya kupe ni kubwa. Enzi za Azimio la Arusha, mwaka 1967 na baada yake, waliposema kupe walikuwa na maana ya mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake. Leo nasema kupe mwenyewe, yule wa miguu minane. Kupe jike akishiba damu anaanguka, anatafuta mahali pa kujificha, anataga mayai kwa maelfu. Huyu kupe wa mbwa mwenye rangi ya kahawia anapenda nyufa za ukuta. Kwa hiyo mbwa akilala kibarazani kwako, nyufa za kibaraza ndizo bweni la kupe. Utamtoa kupe kwa mbwa leo, kesho wapya wanapanda. Kandika nyufa kwa udongo, fagia, gunia analolalia lichemshe au lichome moto ubadilishe jingine. Kupe huyu anamtia mbwa ugonjwa wa damu: homa, kukonda, wengine hutokwa damu puani, halafu tunasema karogwa.

Kumtoa kupe kuna namna yake. Mshike karibu kabisa na ngozi ya mbwa, kwa kibano au kwa vidole vilivyofunikwa kitambaa, umvute taratibu na moja kwa moja. Usimchome kwa sigara. Usimpake mafuta ya taa akiwa bado ameng'ang'ania. Usimponde kwa kucha, maana ile damu ina vijidudu. Mtumbukize kwenye kopo lenye mafuta ya taa kidogo, basi. Tafuta ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, na chini ya ile kamba ya shingoni ambayo wengi wetu hatujaifungua tangu mbwa alipokuwa mdogo. Hebu ifungueni leo. Vidole viwili vikishindwa kupita kati ya kamba na shingo, inambana.

Kichana kiwe cha meno yaliyobanana, kile cha kutolea chawa. Kinauzwa dukani kwa bei isiyomshinda mtu. Asiye nacho aanze na kipande cha gunia la katani: msugue mbwa kufuata manyoya yanakoelekea, nywele zilizokufa zitatoka na mbwa mwenyewe atafurahi. Ukichana, kung'uta kichana juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiona chembe nyeusi zinazotoa rangi nyekundu kwenye maji, ujue ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kuliwa. Kumbe basi viroboto wapo hata kama hujamwona mmoja akiruka. Na mayai yao mengi hayakai kwa mbwa. Yanadondoka pale anapolala, kwa hiyo ufagio ni dawa sawa na sabuni.

Tuje kwenye kuosha. Sikilizeni akina mama mnaobeba maji kichwani: sisemi kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha, na debe moja linatosha. Wakati wa shida ya maji chana tu, usioshe. Chagua asubuhi yenye jua ili akauke kabla ya jioni. Mfunge kwa kamba laini, fupi, kwenye mti wenye kivuli. Lowesha mwili, kisha anza kumpaka povu shingoni kuzunguka kama pete. Hapa wengi wanakosea, wanaanza mgongoni. Viroboto wakiona maji wanakimbilia kichwani na masikioni, na lile povu la shingoni linawazuia njiani. Tumia sabuni ya kipande, ile ya mche. Ya unga ni kali, inamwasha ngozi. Acha povu dakika tano au zaidi, halafu suuza mpaka maji yatoke safi, maana sabuni ikibaki atajikuna kuliko mwanzo. Uso mfute kwa kitambaa kibichi. Maji yasiingie masikioni, wala usimchokoe sikio kwa kijiti.

Akimaliza kuoshwa atajikung'uta akulowanishe, kisha atakwenda kujigaragaza mavumbini. Ndivyo alivyo. Ukimpiga kwa hilo, mwezi ujao akiona debe atakimbia, na umerudi ulikoanzia.

Kama ni mkali, mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa: zungusha juu ya pua, kaza chini ya taya, peleka ncha nyuma ya masikio ufunge fundo la kufunguka upesi. Lakini usimwache hivyo muda mrefu. Mbwa anapoza joto la mwili kwa kuhema, mdomo wazi, ulimi nje, na juani anaweza kukufia mkononi.

Kucha za mbwa wetu zinasagika zenyewe kwa kutembea. Ila upo ukucha wa pembeni, juu kidogo ya mguu wa mbele, usiogusa chini. Huo unajikunja mpaka unaingia nyamani, na mbwa anachechemea miezi na mwenyewe hajui sababu. Kata ncha tu. Ndani mna nyama na damu. Ikitoka damu, bandika unga mkavu ushikilie mpaka ikome. Nyayo nazo zitazame: funza wanaingia kwa mbwa kama wanavyoingia kwa watoto, na mchanga wa uani ndio unaowaunganisha.

Sasa neno zito. Kuna watu humu kijijini wanamwagia mbwa dawa ya mikorosho iliyobaki kwenye bomba la kupulizia, ati iue kupe. Wengine wanampaka salfa ya ubwiri unga, wengine oili chafu ya mashine. Ndugu zangu, mbwa anajilamba. Ulichompaka mgongoni usiku kitakuwa tumboni. Salfa ya mikorosho inaunguza macho na ngozi, oili chafu ni sumu, na dawa ya wadudu wa mikorosho isiguse mnyama yeyote, wala mikono ya huyo anayeipaka. Dawa ya kuogeshea mifugo nayo ina kipimo chake, na zipo zisizomfaa mbwa kabisa. Hata dawa nyingine za viroboto zinazomfaa mbwa zinamwua paka, hasa zile zenye pemetrini. Sisi tuliokaa kwenye madarasa ya kisomo tukiwa na ndevu, au na mtoto mgongoni, tulijifunza kusoma kwa ajili gani? Kwa ajili ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Isome. Isiposomeka, au kama dawa umepimiwa kwenye chupa ya soda, usiitumie. Nenda kwa bwana mifugo.

Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao hapa kwetu ndio wengi, nimezungumza na mwalimu wa madrasa kabla ya kuandika. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo anaruhusiwa. Shida ni najisi ya mate na unyevu, na kwa wafuatao madhehebu ya Shafii pana kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo ndoo ya mbwa iwe ya mbwa, kichana chake na kitambaa chake visiingie ndani ya nyumba, nguo ya kazi hiyo iwe mbali. Huo ni usafi hata kwa asiye Mwislamu. Mbwa akishachanwa anaendelea kulala nje, hakuna aliyesema aingie sebuleni.

Kwa nini nasumbuka hivi? Kwa sababu kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, walio wengi Afrika na Asia, na kama 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa. Shirika hilohilo linasema kijiji kikichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Sasa hesabuni: wakirudi nyumbani bila sindano kila mwaka wale wasioshikika, hiyo 70 tutaipata wapi? Na hao wasioshikika ndio wale wale wanaong'ata. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu aende hospitali siku ileile, siyo kesho, siyo baada ya kumtazama mbwa wa watu kwanza.

Kazi hii basi isitupiwe watoto. Mtoto anaweza kuleta maji. Kushika mbwa ni kwa mtu mzima, na kwa mbwa mdogo anza mapema: kati ya wiki tatu na miezi mitatu ndipo anapojifunza kwamba mkono wa mtu si adui. Gusa masikio yake, nyayo zake, mdomo wake, umpe kipande cha ugali. Dakika mbili kila jioni.

Nimalizie na Wetu. Anaitwa Wetu na hana mwenyewe. Anakula anachotupiwa, masikio yamejaa kupe, na ndiye tunayemtegemea alinde ghala msimu wa korosho ukianza Oktoba, watu kutoka vijiji vyote wakipita pale na magunia. Kwenye kikao nilijibiwa kwamba ushirika hauna fungu la mbwa. Lakini fungu la makufuli lipo, na kila msimu tunanunua. Napendekeza kamati impe mlinzi wa usiku kazi hii rasmi, na sabuni na kichana vitoke ushirika. Aanze wiki hii: chakula saa ileile, mahali palepale, mkono uleule. Wiki ya kwanza asimguse. Ya pili amguse bega wakati anakula. Ya tatu kichana. Kamba ya shingoni iwe ya mwisho. Asiyetaka mbwa azoee kushikwa kwa kuhofia atakuwa mpole kwa wezi, ajue kwamba mbwa anamzoea anayemlisha, si mwizi.

Mkutano ni Jumamosi saa mbili asubuhi, mbele ya ghala, na suala la Wetu nimeliweka la tatu kwenye ajenda. Kichana kimoja, debe moja na kamba laini mita nne viko ofisini kwangu, nimevinunua mwenyewe. Anayetaka aje kuazima, aandike jina lake daftarini, avirudishe kabla ya jua kuzama, na kichana kiwe kimechovywa kwenye maji yanayochemka.

Katibu wa Tawi